Nihame Windows 10 Lini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu Microsoft waiache Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, meza yangu ya ufundi haijapumzika. Wanakuja walimu, wenye steshenari, wahasibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, wanafunzi wa chuo. Maswali yao yanafanana sana, na kwa kuwa mtu akiamua vibaya anaweza kupoteza kazi ya miaka, nimeona niyajibu kwa maandishi, taratibu, kama ninavyoyajibu mezani.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema "kusasisha" nazungumzia viraka vya kila mwezi, yale marekebisho madogo ya kuziba matundu ya usalama. Nikisema "kuhama" nazungumzia kutoka mfumo endeshi mmoja kwenda mwingine, kama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Viraka usivicheleweshe. Kuhama ndiko kunakotaka mahesabu.

Windows 10 yangu inawaka vizuri na kazi zinaenda. Kwa nini nihame?

Itaendelea kuwaka. Tarehe 15 Oktoba 2025 kompyuta za Windows 10 ziliamka kama zilivyolala, na ndiyo maana watu wengi hawakushtuka. Kilichokatika hakionekani kwenye kioo: viraka vya usalama vya bure.

Windows 10 na Windows 11 ni ndugu wa damu, sehemu kubwa ya ndani ni ile ile. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya Windows 11. Siku hiyo hiyo wadukuzi huchukua faili la zamani na faili jipya, wakayalinganisha mstari kwa mstari, na ile tofauti inawaonyesha tundu lilikuwa wapi. Mara nyingi tundu hilo limo pia ndani ya Windows 10, na huko, usipojiunga na mpango wa viraka vya ziada nitakaoueleza hapo chini, hakuna anayekuja kuliziba. Kila mwezi unapopita, orodha ya matundu yanayojulikana na yaliyoachwa wazi inarefuka.

Mwaka 2017 tuliona inavyokuwa. Tarehe 14 Machi Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja kwenye sehemu inayotumika kushirikiana mafaili ofisini. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo na kuzagaa duniani, kikifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za bitcoin. Uingereza, hospitali za umma zilifuta miadi ya wagonjwa kwa maelfu. Kompyuta nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa ikihudumiwa. Wenyewe walikuwa hawajaweka kiraka. Sasa fikiria mashine ambayo hata ukitaka kuiwekea kiraka, kiraka hakipo.

Na tafadhali usiniambie huna cha kuibiwa. Kwenye kivinjari chako kuna nywila ya barua pepe, na kwenye barua pepe hiyo kuna njia ya kubadili nywila ya kila kitu kingine.

Nasikia wanaohama mapema ndio wanaoumia. Ni kweli?

Ni kweli kabisa, na hili nalisema kwa mkazo ule ule niliosema la kwanza. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft walitoa toleo la Windows 10 lililopewa namba 1809. Siku chache baadaye wakalisimamisha, kwa sababu baadhi ya watu walimaliza kuhama wakakuta mafaili yao yamefutwa. Walioguswa zaidi ni waliokuwa wamehamisha folda ya nyaraka au ya picha kutoka mahali pake pa kawaida kwenda kwingine, kwa mfano diski D. Mfumo mpya ulifuta folda ya zamani bila kukagua kama bado kuna kitu ndani. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba, likiwa limerekebishwa.

Walioathirika walikuwa wachache sana ukilinganisha na watumiaji wote. Lakini kwa aliyepoteza picha za harusi, wingi wa wengine haumsaidii. Aliyesubiri wiki sita tu hakuguswa.

Basi nisubiri muda gani?

Nina mipaka miwili. Wa kwanza: toleo jipya likitoka, kompyuta ya kazi hailigusi kwa miezi miwili hadi mitatu ya mwanzo. Wa pili: usikaribie tarehe ya mwisho ya toleo ulilonalo kwa chini ya miezi mitatu bila kuwa umeshahama. Katikati hapo una nafasi kubwa ya kuchagua siku inayokufaa. Windows 11 yenyewe ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, kwa hiyo ule mpaka wa kwanza ulishapita zamani.

Wenzetu wa Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, wameliingiza jambo hili kwenye utaratibu wao rasmi. Toleo lao la muda mrefu, 24.04, lilitoka Aprili 2024, lakini waliokuwa kwenye toleo la muda mrefu lililotangulia hawakupewa mwaliko wa kuhama hadi toleo la marekebisho, 24.04.1, lilipotoka mwishoni mwa Agosti. Miezi minne! Mtengenezaji mwenyewe anakwambia subiri.

Kuna jambo moja watu hulikosea. Wakati mwingine Windows Update haikuletei mwaliko ingawa jirani yako ameupata. Huenda Microsoft wameweka kizuizi kwa sababu wanajua draiva fulani (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) kwenye mashine kama yako inagongana na toleo jipya. Usilazimishe kwa kupakua kifaa cha kuhamia na kukiendesha kwa mkono. Kizuizi kile kiko pale kwa faida yako, na kikiondolewa mwaliko utauona.

Nitajuaje kama kompyuta yangu inakubali Windows 11?

Pakua programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, iendeshe, isome. Inakujibu ndani ya dakika moja. Lakini jibu la "hapana" usilimeze bila kulitafuna, maana kuna "hapana" za aina mbili.

Ya kwanza haina dawa: prosesa ni ya zamani. Kwa Intel, karibu zote zinazokubaliwa ni za kizazi cha 8 kuendelea. Soma namba iliyo baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kwa AMD namba zao zinachanganya, usikadirie kwa macho, iachie programu ikwambie.

Ya pili ina dawa, na inawapata watu wengi waliopigiwa Windows na mafundi wetu wa mtaani. Laptopu ni ya kizazi cha 8, imetoka kiwandani na kila kitu, lakini programu inasema haina TPM au haina Secure Boot. TPM ni chipu ndogo, au sehemu ndani ya prosesa, inayotunza funguo za siri. Windows 11 inataka toleo la 2.0. Mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kwenye mashine za Intel utaikuta kwa jina la PTT, kwenye AMD fTPM. Iwashe, hifadhi, rudi. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, bonyeza Enter, utaona toleo limeandikwa chini kulia.

Secure Boot, kinga inayozuia programu isiyoaminika wakati kompyuta inawaka, ndiyo yenye mtego. Fundi aliyepiga Windows kwa mtindo wa zamani wa kuwasha kompyuta, Legacy, aliigawa diski kwa utaratibu wa MBR. Windows 11 inataka mtindo mpya, UEFI, na UEFI inataka diski iliyogawiwa kwa utaratibu mpya, GPT. Ukikimbilia BIOS ukabadili Legacy kuwa UEFI kabla hujageuza diski, kompyuta haitaiona Windows na utadhani umeiua. Anza na diski: ndani ya Windows 10 kuna zana inaitwa mbr2gpt, inageuza bila kufuta kitu. Hata hivyo weka nakala rudufu kwanza. Ikishamaliza, ndipo uende BIOS.

Mengine ni mepesi: RAM ya GB 4 na diski ya GB 64 ndicho kiwango cha chini kwenye karatasi. Kwenye maisha, GB 4 ni mateso. Nisingemhamisha mtu yeyote chini ya GB 8.

Na kama Windows 10 yangu ni ya biti 32?

Windows 11 haina toleo la biti 32. Hakuna kupandisha juu kwa juu, yaani kuweka mpya juu ya ya zamani bila kufuta, lazima upige upya, na kila kilichokuwa kinategemea draiva ya biti 32 kinabaki nyuma. Programu za kawaida za biti 32 zitaendelea kufanya kazi. Zile za zamani kabisa za biti 16, kama mfumo wa kuhesabia bidhaa uliotengenezwa enzi za DOS, hazitafunguka. Nimeona maduka mawili bado yanazitumia.

Fundi ameniambia anaweza kuruka masharti akaniwekea Windows 11 kwenye laptopu ya zamani. Nikubali?

Inawezekana, hakudanganyi. Zana ya Rufus ina kisanduku cha kuondoa sharti la TPM na Secure Boot, unaweka alama, flashi inatengenezwa, Windows inaingia.

Swali lako kwake liwe hili: mwaka ujao? Mashine iliyoruka masharti huwa inapata viraka vya kila mwezi, ila Microsoft wanasema wazi kwamba hawaahidi. Toleo jipya la mwaka halitakuja lenyewe. Kila mara itabidi mtu apakue faili zima na kulazimisha tena. Na masharti yenyewe hukazwa. Toleo la 24H2, lililotoka tarehe 1 Oktoba 2024, lilianza kudai amri fulani za ndani ya prosesa, na tangu hapo mashine zenye prosesa za zamani za Core 2 Duo haziwaki nalo kabisa, hata ufanyeje.

Kwa laptopu ya kuchezea nyumbani, sawa. Kwa kompyuta inayobeba hesabu za watu, mimi nakataa, na wateja kadhaa wamenikasirikia kwa hilo.

Laptopu yangu ni ya kizazi cha 6. Ndiyo niitupe?

Hapana! Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Latitude E7470, hizi ni mashine imara, ndizo zilizojaa Kariakoo na Nairobi zikitokea Ulaya na Dubai, na nyingi zina miaka ya kazi mbele yake. Mtu amejinyima miezi kumnunulia binti yake aliyepo chuo, kisha aambiwe ni takataka kwa sababu ya namba ya prosesa? Njia zipo.

Ya kwanza ni kununua muda. Microsoft wana mpango wa viraka vya ziada kwa Windows 10, unaojulikana kama ESU, ambao kwa watu binafsi unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Unaingia kwa mojawapo ya njia tatu: kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kuwasha uhifadhi wa mipangilio ya kompyuta yako kwenye akaunti ya Microsoft, na hii ya mwisho hailipiwi. Walioko nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya wanapewa bure bila hata sharti hilo la kuhifadhi mipangilio. Windows yako iwe toleo la 22H2 na uingie kwa akaunti ya Microsoft. Mwaliko unakaa ndani ya Windows Update. Watu wengi wanaupita kila siku bila kuusoma.

Ya pili ni Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, nami nawashauri Linux Mint kwa sababu mtu aliyezoea Windows haimpi kizunguzungu: kitufe cha kuanzia kiko pale pale chini kushoto. Mint 22 inahudumiwa hadi 2029. Iweke kwenye flashi kwanza, iwashe bila kuisakinisha, jaribu Wi-Fi, jaribu sauti, jaribu printa. Ikikubali vyote, una jibu. Kama kazi yako ni kivinjari, barua pepe, kuandika na kuangalia video, hutakosa kitu. Kama unategemea programu ya uhasibu ya Windows pekee, au Excel yenye makro nyingi, kaa na njia ya kwanza huku ukijipanga kubadili mashine.

Laptopu ni nzito sana. Nikiweka Windows 11 itakuwa nyepesi?

Itakuwa nzito zaidi. Fungua Task Manager dakika tano baada ya kuwasha, kabla hujagusa chochote, uangalie safu ya diski. Kama inasoma asilimia 100 na diski yako ni ile ya zamani inayozunguka, tatizo umeliona. Weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Ya GB 256 inatosha watu wengi. Nimewahi kumrudishia mwalimu laptopu ya kizazi cha 5 yenye Windows ile ile, programu zile zile, na SSD tu ndani yake. Akaiwasha mbele yangu, akasubiri kama alivyozoea, akageuka kuniuliza kitu, aliporudisha macho ilikuwa imeshafika mahali pa kuandika nywila. Alidhani nimembadilishia mashine.

Printa yangu, mizani ya dukani, programu ya hesabu: vitaendelea kufanya kazi?

Hili liulize kabla, usiliulize baada. Nina deni la moyoni na mama mmoja mwenye steshenari mbele ya shule ya sekondari. Kompyuta yake ilikuwa na Windows 10 ya biti 32, nikamwahidi nitamhamishia Windows 11 wikendi. Nikachelewa, nikaifanya Jumatatu asubuhi, na wiki ile walimu walikuwa wanachapisha mitihani. Kila kitu kiliingia vizuri. Akafungua karatasi ya kwanza, akabonyeza kuchapisha, kimya. Akabonyeza tena. Akaniambia taratibu, bila hasira, "Mwanangu, mashine inawaka vizuri, lakini printa haiijui." Draiva ya printa ile ilikuwa ya biti 32 peke yake, mtengenezaji hakuwahi kutoa nyingine. Nyuma yangu walikuwa wamesimama walimu wanne wenye flashi mikononi.

Kilichotuokoa ni kwamba usiku uliotangulia nilikuwa nimechukua taswira ya diski nzima, yaani nakala ya kila kilichomo, Windows ikiwemo. Nikairudisha, saa nne na nusu akawa anachapisha. Kazi ya walimu wale ilichelewa, na kosa lilikuwa langu.

Tangu siku ile naandika kwenye karatasi kila kifaa kinachochomekwa na kila programu inayoingiza pesa, kisha naingia tovuti ya mtengenezaji wa kila kimoja kutafuta draiva ya Windows 11 ya biti 64. Kama kimoja hakina, hatuhami mpaka tujue kitabadilishwa na nini. Programu za kodi na za hesabu, mpigie aliyekuuzia, umuulize kwa maneno haya haya: je, wapo wateja wako wanaoitumia kwenye Windows 11 leo?

Kuhusu Office: matoleo ya 2016 na 2019 yaliachwa siku ile ile na Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo kuhama Windows huku umebaki na Office 2016 ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi. LibreOffice ni ya bure na inafungua nyaraka nyingi vizuri, ingawa zile zenye mapambo mengi huweza kusogea.

Siku gani nzuri ya kuhama?

Siku ambayo kesho yake huihitaji kompyuta. Kwa mwalimu, mwanzo wa likizo. Kwa mhasibu, baada ya kufunga mwezi na kuwasilisha ritani. Kwa mwanafunzi, kamwe si wiki ya kukusanya tasnifu; nimeshaona machozi ya kweli kwenye benchi langu kwa sababu hiyo. Kwa duka, jioni ya kuamkia siku mnayofunga.

Halafu umeme. Mtu mmoja aliniletea kompyuta ya mezani, haina UPS (betri ya akiba), alianza kuhama saa mbili usiku akaenda kula. Kioo kilipofika asilimia 61 umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikaandika kwamba inarudisha toleo la zamani, ikazima, ikawaka, ikaandika maneno yale yale, ikazima. Aliikuta asubuhi bado inazunguka hapo hapo. Kwa kawaida Windows hujinasua yenyewe, lakini diski yake ilikuwa chovu na mkato ule uliiharibu. Tuliichomoa, tukaichomeka kwenye mashine nyingine, tukaokoa nyaraka, Windows tukapiga upya. Kama ni laptopu, betri iwe imejaa na chaja imechomekwa. Kama ni ya mezani na huna UPS, azima. Jirani mwenye UPS hawezi kukunyima kwa saa tatu.

Na bando. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, na baada yake kuna viraka na draiva. Ukitumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiambie kompyuta kwamba muunganisho huu unapimwa. Itaacha kuvuta mizigo mikubwa bila ruhusa yako. Siku ukiwa tayari, tafuta intaneti isiyo na kikomo, au mwombe fundi akupe kwenye flashi ya GB 8 iliyotengenezwa kutoka faili la Microsoft lenyewe.

Nakala rudufu ni lazima?

Ndiyo. Kwenye diski ya nje au flashi, kisha ichomoe. Fungua faili tatu kutoka kwenye nakala hiyo ukitumia kompyuta nyingine, uone zinafunguka. Nakala ambayo hujaifungua huijui.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui mpaka liwapate. Laptopu nyingi za siku hizi zina diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Microsoft, wakati mwingine bila mwenyewe kujua, kwa sababu ilijiwasha alipoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukigusa TPM au Secure Boot kwenye BIOS, inaweza kukusimamisha kwenye kioo cha bluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Huna ufunguo, huna mafaili, na hakuna fundi wa kukusaidia. Kabla ya kugusa chochote ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, tafuta ufunguo wa kurejesha, uuandike kwenye karatasi. Kama akaunti iliwekwa na aliyekuuzia laptopu, lishughulikie hilo leo.

Nipandishe juu kwa juu au nipige Windows upya?

Kama mashine yako ni safi na inaenda vizuri, pandisha juu kwa juu. Programu na mafaili yanabaki. Kama imejaa virusi, matangazo yanayojifungua na programu usizozijua, piga upya, vinginevyo unahamia nyumba mpya pamoja na kunguni.

Nimehama na sijapenda. Naweza kurudi?

Ukipandisha juu kwa juu, una siku 10. Toleo la zamani linatunzwa kwenye folda ya Windows.old, na kitufe cha kurudi kiko kwenye mipangilio, sehemu ya urejeshaji. Kosa la kawaida ni mtu kuona diski imejaa siku ya tatu, akafuta folda hiyo, na njia ya kurudi ikaondoka nayo. Ukitaka muda zaidi, fungua Command Prompt kama msimamizi ndani ya siku hizo 10 na uandike:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Hapo unapata siku 60. Fanya hivyo siku ya kwanza, kisha tumia kila programu uliyonayo ndani ya wiki ya kwanza ili kama kuna kilichovunjika ukijue mapema.

Windows yangu ni ya kukreki. Nikihama itakuwaje?

Kuhama kutoka Windows 10 halali hakulipiwi. Ile ya kukreki itahama ikiwa ya kukreki. Linalonisumbua zaidi ni zile programu za kuamshia Windows: karibu kila moja inakutaka uzime antivirusi kwanza, na ukishaizima umemfungulia mlango mtu usiyemjua. Kabla ya kutafuta nyingine, geuza laptopu uangalie chini. Nyingi za mtumba zilitoka kiwandani na leseni halali ambayo fundi aliipuuza alipopiga toleo lisilo lake. Kama ilikuja na Windows 10 Home, piga Windows Home, unganisha intaneti, na mara nyingi itajiamsha yenyewe.

Natumia Mac. Haya yananihusu?

Kwa kiasi. Apple hutoa toleo jipya kila mwaka, na kwa desturi hutuma viraka kwa toleo la sasa na mawili yaliyotangulia, kwa hiyo unaweza kukaa nyuma kwa mwaka mmoja bila hofu. macOS Tahoe ya Septemba 2025 ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel, na ni chache tu kati yake zinazoikubali. Kwenye Mac hakuna kitufe cha kurudi ndani ya siku 10, hivyo nakala rudufu ya Time Machine, zana ya Apple yenyewe, iwe tayari.

Nanunua laptopu ya mtumba wiki hii. Niangalie nini?

Kizazi cha 8 kuendelea, RAM ya GB 8, SSD. ThinkPad T480 ni chaguo zuri. Lakini usitazame jina peke yake: kwa EliteBook 840 G5, kwa mfano, zipo zenye kizazi cha 7 ndani. Fungua taarifa za mfumo usome namba ya prosesa mbele ya muuzaji. Akikwambia "hii ina Windows 11 tayari", hilo halithibitishi kitu. Huenda imeruka masharti.

Nikishahamia Windows 11 nimemaliza?

Hapana, na hili watu hawaambiwi. Windows 11 ina matoleo ndani yake, na kwa Home na Pro kila moja linahudumiwa miezi 24 tu. Toleo la 23H2 liliachwa tarehe 11 Novemba 2025, mwezi mmoja baada ya Windows 10. Kuna watu waliojisifu wamehama kumbe wako hapo hapo. Toleo la 24H2 linaishia tarehe 13 Oktoba 2026, na 25H2 tarehe 12 Oktoba 2027. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika winver, usome toleo lako.

Mimi hubandika kipande cha karatasi chini ya kila laptopu inayotoka mezani kwangu. Kina mistari mitatu: toleo, tarehe litakapoachwa, na mwezi mmiliki anaotakiwa kunirudia, yaani miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo. Ya yule mama wa steshenari ina mstari wa nne, nimeuandika kwa kalamu nyekundu: jina la draiva ya printa yake mpya.